Sauti Iliyolifuata Gita na Sauti Iliyoliacha

Walioandika juu ya kundi la Black Sabbath wamegawanyika pande mbili, na mpaka wao ni mwaka 1979. Wa kwanza wasema kwamba kundi hilo lilikufa siku mwimbaji wake, Ozzy Osbourne, alipofukuzwa, na yote yaliyotolewa baadaye ni kazi ya watu wengine waliorithi jina. Wa pili wasema kwamba lilikuwa limekwisha kufa kabla ya siku ile, na Ronnie James Dio ndiye aliyelifufua. Nia ya makala haya si kuamua kesi hiyo kwa kupima nani aliimba vizuri zaidi. Kipimo hicho hakitufikishi mbali: Dio alikuwa na sauti pana yenye nguvu, Osbourne hakuwa nayo, na kila mwenye masikio alilijua hilo tangu mwanzo. Swali langu ni jingine. Ni kitu gani hasa kilichobadilika ndani ya nyimbo zenyewe? Nadhani jibu halimo katika koo la mwimbaji yeyote, bali katika mahali ambapo sauti ya mtu hukutana na sauti ya gita.

Kwa msomaji asiyeuzoea muziki huu yafaa nieleze asili yake kidogo. Black Sabbath ni kundi la vijana wanne wa Aston, mtaa wa viwanda katika mji wa Birmingham, Uingereza. Lilianza mwaka 1968: Tony Iommi akipiga gita, Geezer Butler gita la besi, Bill Ward ngoma, na Osbourne akiimba. Wao huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa muziki uitwao metali nzito, na jina hilo lina kinaya chake, kwa kuwa metali ndiyo iliyomlemaza Iommi. Alipokuwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwanda ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na huo ndio mkono aliobania nyuzi, maana hupiga kwa kushoto. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimwumize. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti ya chini zaidi. Katika santuri ya Master of Reality ya mwaka 1971 uzito huo umekwisha kuwa tabia ya kundi zima, hata besi nayo ikalegezwa ipate kulingana na gita.

Juu ya nyuzi hizo Iommi alizijenga nyimbo kwa rifu, yaani fungu fupi la sauti za gita linalorudiwa tena na tena hata likawa uti wa mgongo wa wimbo. Sikiliza Iron Man, wimbo wa mwaka 1970. Rifu inapopanda, Osbourne hupanda nayo. Inaposhuka, hushuka nayo. Lahani yake ni ile ile ya gita. Katika N.I.B. na Electric Funeral mambo ni hayo hayo, au karibu yake. Mtu aweza kuona hapo umaskini wa utunzi. Mimi naona maana. Nyimbo za awali za kundi hili zina msemaji aliyezingirwa. Katika wimbo ulioitwa kwa jina la kundi lenyewe, msemaji amesimama mbele ya kiumbe cheusi kinachomwelekezea kidole, wala hana pa kukimbilia. Katika Paranoid msemaji ameshindwa na akili yake mwenyewe. Iron Man ni habari ya mtu aliyeyaona maangamizi ya wakati ujao, akageuka chuma alipokuwa akirudi kuonya, akadharauliwa, na mwisho akawa yeye mwenyewe mwangamizi. Hand of Doom ni ya askari waliotoka Vietnam wakiwa watumwa wa heroini. Hao wote ni watu walioshikwa. Sauti isiyoweza kwenda njia yake mbali na gita ndiyo sauti yao ya haki. Kama Osbourne angalikuwa na uwezo wa kulipita gita na kulizunguka, Iron Man ingaliharibika.

Tena lazima tukumbuke kwamba maneno hayo, kwa sehemu kubwa, hayakutungwa na aliyeyaimba. Mtunzi alikuwa Butler, mpiga besi, aliyelelewa katika nyumba ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Hofu ya hukumu na ya moto hakuitafuta vitabuni. Sisi tuliozoea kumtenga mtunzi na mwimbaji hatuoni ajabu hapo. Siti binti Saad aliimba mashairi mengi ya watunzi wengine, na hakuna aliyedai kwamba kwa hiyo hakuwa msanii. Lakini katika muziki wa Ulaya na Marekani wa siku hizo, msikilizaji alipenda kuamini kuwa aimbaye ndiye asemaye, na imani hiyo imewapotosha wakosoaji wengi wa kundi hili. Walipompoteza Osbourne walidhani wamempoteza msemaji. Walikuwa wamempoteza chombo cha msemaji, na msiba huo ni wa namna nyingine.

Umoja wa wanne hao ulilegea kabla ya mwaka 1979. Technical Ecstasy ya 1976 na Never Say Die! ya 1978 ni santuri za watu wasiojua waendako. Mwishoni mwa 1977 Osbourne aliondoka, mwimbaji Dave Walker akashika nafasi yake kwa muda mfupi, kisha Osbourne akarudi na kukataa kuyaimba yale yaliyotungwa katika siku za Walker. Kwa hiyo Swinging the Chain iliimbwa na Ward, mpiga ngoma, na Breakout ikaachwa bila maneno, ala za kupuliza zikawekwa mahali pa mwimbaji. Msikilizaji wa Breakout husikia pengo. Kundi lililojengwa juu ya mshikamano wa sauti na gita limefika mahali ambapo gita hupiga, na sauti haitaki kulifuata. Wale wanaoihesabu siku ya kufukuzwa kuwa ndiyo siku ya msiba wameikosea tarehe kwa miezi mingi.

Aprili 1979, huko Los Angeles, Osbourne aliambiwa aondoke. Ujumbe huo ulipelekwa na Ward, rafiki yake wa karibu kuliko wengine. Ulevi na dawa za kulevya vilikuwa vimewashika wote wanne, ila mmoja ndiye aliyehukumiwa. Dio, Mmarekani aliyezaliwa 1942, alikuwa ametoka katika kundi la Rainbow. Utotoni alijifunza kupiga tarumbeta, na mtu aweza kuisikia tarumbeta hiyo katika namna alivyoshika pumzi na kuifungua sauti mwishoni mwa mstari. Alikuja na jambo ambalo Osbourne hakuwa nalo: alitunga maneno yake mwenyewe. Ikatokea vilevile kwamba Butler alikuwa ameondoka kwa muda kwa ajili ya mambo ya nyumbani kwake, na Geoff Nicholls, kijana wa Birmingham kutoka kundi la Quartz, akashika besi kabla ya kuhamia kwenye kinanda. Butler alirudi kwa ajili ya kurekodi. Lakini wakati nyimbo zilipokuwa zikitungwa, kiti cha mtunzi kilikuwa wazi sawasawa na kiti cha mwimbaji, na mtu mmoja alivikalia vyote viwili. Habari hii hutajwa kama jambo dogo la ratiba. Mimi nailiona kuwa kubwa kuliko kufukuzwa kwenyewe.

Iommi mwenyewe amepata kueleza tofauti hiyo kwa maneno machache: Osbourne alikuwa akiifuata rifu, kama katika Iron Man, na Dio akiimba kwa kuikata. Hebu tuone jambo hilo likitendeka katika Heaven and Hell, wimbo uliobeba jina la santuri ya Aprili 1980. Rifu ya mwanzo ni ya Iommi yule yule, nzito na pana. Lakini mwimbaji anapoingia, gita karibu linyamaze. Besi yabaki ikidunda, ngoma yaishika, na Dio aimba katika uwanja uliofagiwa kwa ajili yake. Gita hurudi baina ya mistari, lijibu, kisha lijitenge tena. Yaliyokuwa sauti mbili katika njia moja yamekuwa mazungumzo. Iommi, aliyezoea kuanza yeye na kufuatwa, amejifunza kungoja, na kungoja huko kumempa kitu: anapoingia kwa kipande chake cha peke yake katikati ya wimbo, huingia kama mtu aliyekuwa na neno muda mrefu. Baadaye mwendo huharakishwa hata wimbo ukakimbia, na mwisho gita lisilo la umeme labaki peke yake. Katika dakika karibu 7 kundi hili limefanya kazi ambayo halikuweza kuifanya katika santuri mbili zilizotangulia.

Children of the Sea yaonyesha jambo lile lile kwa njia nyingine. Huanza kwa nyuzi zilizodonolewa polepole, sauti ya Dio ikiwa chini, halafu uzito wote huanguka. Mbinu ya kupishanisha utulivu na kishindo Iommi alikuwa nayo tangu 1970, lakini zamani mwimbaji alitupwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hapa mwimbaji ndiye aongozaye.

Na maneno? Butler alisimulia, Dio huusia. Msemaji wa Dio humwita msikilizaji kwa nafsi ya pili, humwonya asidanganyike, humwambia kwamba nuru ina giza lake na kwamba ukweli huvaa nguo za uongo. Msomaji wa tenzi zetu za wasia atautambua mkao huo wa mtu mzima mbele ya kijana, ijapokuwa hapa hakuna dini iliyotajwa wala amri iliyotolewa. Walakini sitaficha kwamba maneno hayo, yakisomwa karatasini, hayasimami vizuri. Wafalme, upinde wa mvua, usiku na moto hurudi mara nyingi mno, na jozi za vinyume hutoka kwa wepisi wa mtu aliyekwisha kuigundua kanuni. Butler ana picha chache, lakini sindano yake ni sindano. Dio huyaokoa maneno yake kwa kuyaimba, na bila sauti yake yangalikuwa mapambo tu. Mtunzi akiwa ndiye mwimbaji, hupata hatari hiyo: koo lake humlipia deni la kalamu.

Mabadiliko mengine hayakusemwa sana, labda kwa sababu yalitokea nyuma ya jukwaa. Agosti 1980, katikati ya safari ya maonyesho ya Marekani, Ward aliondoka. Pombe ilikuwa imemzidi, na msiba wa mzazi ulikuwa juu yake. Mahali pake akaja Vinny Appice. Ward alijifunza kwa kusikiliza wapiga ngoma wa jazi, na mapigo yake yalikuwa na mzungusho. Mara nyingi aliijibu rifu badala ya kuipigia hesabu, na nyimbo za awali zilitikisika kama gari lililojaa mzigo. Appice hupiga kwa kunyoosha, kila pigo mahali pake, kwa nguvu nyingi. Ilivyokuwa, Mob Rules ya Novemba 1981 ina kishindo kikubwa kuliko Heaven and Hell na uhai mdogo. Sikio langu huona hivyo hasa katika The Sign of the Southern Cross, wimbo mzuri, lakini uliofuata ramani iliyochorwa tayari: utulivu, kishindo, utulivu, kishindo. Yaliyokuwa uvumbuzi mwaka mmoja kabla yake yamekuwa utaratibu.

Sasa nafika kwenye ushahidi ambao naushangaa kuona haujatumiwa zaidi. Mwaka 1982 ulitupatia jaribio ambalo hakuna mtaalamu angaliweza kulipanga. Osbourne alikuwa na kundi lake mwenyewe tangu 1980. Maneno ya nyimbo zake mpya kwa sehemu kubwa yalitungwa na Bob Daisley, naye, kama Butler, alikuwa mpiga besi. Mwimbaji huyu alibadilisha kundi, lakini hakubadilisha kazi. Baada ya mpiga gita wake, Randy Rhoads, kufa katika ajali ya ndege Machi 1982, Osbourne alirekodi huko New York onyesho la nyimbo za Black Sabbath tupu, Brad Gillis akipiga gita. Santuri hiyo, Speak of the Devil, ilitoka Novemba. Baada ya majuma machache ikatoka Live Evil, maonyesho ya Black Sabbath yenyewe pamoja na Dio. Nyimbo sita za zamani ziko katika santuri zote mbili: Black Sabbath, N.I.B., War Pigs, Iron Man, Children of the Grave na Paranoid. Twaweza basi kumsikia mwimbaji wa kwanza bila gita la kwanza, na gita la kwanza bila mwimbaji wa kwanza, katika mwaka mmoja.

Katika Speak of the Devil, Osbourne huimba kama alivyoimba zamani, sauti yake ikiwa imechoka kidogo. Lakini Gillis ni mpiga gita wa kizazi kingine. Vidole vyake vina kasi, na kila penye nafasi huingiza pambo, huzivuta nyuzi zilie, hujaza mwisho wa rifu. Rifu iliyopambwa si ukuta tena. Osbourne aifuata kama kawaida, na gita lamkimbia. Katika Live Evil hali ni kinyume. Gita ni lile lile, zito, lisilo na haraka. Dio, akifika kwenye Iron Man, hawezi kukaa ndani ya rifu. Huinyosha silabi, huongeza mwito, hutia mkazo pale alipopenda. Katika Black Sabbath huisimulia hofu kwa ustadi mkubwa, kama msimulizi wa hadithi ya mashetani anayejua lini ashushe sauti, lini apige kelele. Na hapo ndipo kosa lilipo, kwa maana msimulizi hashikwi na shetani wa hadithi yake. Osbourne, katika santuri ya mwaka 1970, hakuwa msimulizi. Alikuwa mtu aliyeogopa.

Hakuna hata moja ya santuri hizi mbili iliyo na Iron Man kamili. Mwimbaji hakuondoka nayo, na mpiga gita hakubaki nayo. Watu wa upande wa kwanza watasema kwamba hilo lathibitisha neno lao. Halithibitishi. Chukua nyimbo mpya katika Live Evil hiyo hiyo, Heaven and Hell au Children of the Sea, na utamsikia Dio akiwa nyumbani kwake na Iommi akimpisha bila kulazimishwa. Kundi hili lilikuwa na maungio mawili, la kwanza lilifungwa 1968 na la pili 1979, na nyimbo za ungio moja hazivumilii watu wa ungio jingine. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba Live Evil ndiyo iliyolivunja ungio la pili. Ugomvi ulizuka wakati wa kuchanganya sauti studioni, wengine wakilaumu kwamba mwimbaji na mpiga ngoma wamepandishwa na gita limeshushwa. Dio na Appice wakaondoka. Waligombania kwa vifaa vya studio jambo lile lile ambalo miaka mitatu walikuwa wamelipatanisha kwa utunzi.

Yaliyofuata yanapambanua zaidi thamani ya mapatano yale. Mwaka 1983 aliletwa Ian Gillan wa Deep Purple, mwimbaji mwenye sifa duniani, na Born Again ikarekodiwa na Butler na Ward ndani yake. Watatu kati ya wanne wa asili walikuwapo. Kwa hesabu ya watu, ilikuwa Black Sabbath zaidi kuliko Mob Rules. Kwa hesabu ya masikio sivyo. Gillan hupiga mayowe yake, Iommi hupiga rifu zake, na hakuna aliyemsogelea mwenziwe. Mwaka 1986 Seventh Star, santuri aliyoikusudia Iommi kuitoa kwa jina lake mwenyewe, ilitolewa chini ya jina la kundi, likifuatiwa na jina lake. Katika The Eternal Idol ya 1987, Ray Gillen aliimba nyimbo zote, akaondoka, na Tony Martin akaziimba upya juu ya ala zilizokwisha rekodiwa. Martin ni mwimbaji mwema, na Headless Cross ya 1989 yastahili kusikilizwa kuliko inavyosikilizwa. Lakini santuri ambayo mwimbaji wake aweza kutolewa na mwingine akawekwa, bila gita kubadili hata pigo moja, imetueleza vya kutosha juu ya nafasi ya sauti ndani yake.

Wanamuziki wenyewe, nadhani, walilijua jambo hili kuliko wakosoaji wao. Iommi, Butler, Dio na Appice walipokutana tena mwaka 2006, watu wale wale wanne wa Mob Rules, hawakulichukua jina la Black Sabbath. Walijiita Heaven & Hell, wakapiga nyimbo za siku za Dio tu, na Iron Man hawakuigusa. Dio alifariki Mei 2010. Tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja wa Villa Park huko Aston, wanne wa kwanza walisimama pamoja kwa mara ya mwisho, Osbourne akiwa ameketi kwa ugonjwa, na wakapiga nyimbo nne: War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid, zote za mwaka 1970. Osbourne alifariki siku 17 baadaye. Katika Iron Man ya jioni ile sauti yake ilikuwa imepungua sana, na gita lilipopanda, alipanda nalo.